Bata Bukini Hakuinuka Mezani

Mpelelezi Ardis Kowalke alivua buti mlangoni kwa Wendell Brekke, akazipanga kwenye mkeka wa mpira kando ya jozi nyingine nne zilizokuwa zikitona maji ya theluji, akaingia ndani kwa soksi. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Hakujisumbua kulificha. Ilikuwa Jumapili, saa nane na dakika tano mchana, na alikuwa na muda hadi saa kumi na moja.

Saa kumi na moja Sherifu angetaka faili la Gus Nordahl mezani kwake, limetiwa saini. Kesho saa tatu asubuhi Gus angesimama mbele ya hakimu, asomewe kwamba alimgonga kwa gari Bernadette Sobczak, mpeleka barua wa vijijini, akamwacha mtaroni na baridi ile. Bernadette alikuwa hospitalini, nyonga imevunjika mahali pawili, hajafumbua macho tangu jana. Gus alikuwa mahabusu. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na tangu akamatwe alikuwa ameuliza swali moja tu: nani anawakamua ng'ombe wangu? Walikuwa arobaini na wawili. Jirani aliwakamua asubuhi. Jioni, jirani alisema, mgongo wake hautaki kusikia habari hiyo.

Ushahidi ulikuwa mfuko mmoja wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na vipande vya plastiki ya taa ya mbele, upande wa kulia, vilivyookotwa kwenye theluji. Chapa iliyo juu yake ilitaja pikapu kubwa ya aina moja, na wilaya nzima ilikuwa na mbili za namna hiyo. Moja ya Gus, yenye taa ya kulia iliyopasuka. Gus alisema aligonga kulungu Alhamisi na hakuona sababu ya kumtangazia mtu. Nyingine ya Rollie Stadtmueller, dereva wa gari la wilaya la kuondoa theluji. Taa zake zote zilikuwa nzima.

Kifaa cha Bernadette kilisajili kifurushi cha mwisho jana saa kumi na dakika kumi na nane. Wakati huo Gus alikuwa peke yake zizini, na ng'ombe hawaapi mahakamani. Rollie alikuwa hapa, maili nne kutoka pale, akicheza mchezo na marafiki watatu. Wote watatu walimwambia naibu wa Sherifu kwa simu maneno yaleyale: Rollie hakutoka.

Ardis alikuwa amesimama kidogo uani kabla ya kubisha. Pikapu ya Rollie ilikuwa nyuma ya magari yote, imeyafungia njia. Taa yake ya kushoto ilikuwa imefifia, manjano kama kucha za mvuta tumbaku. Ya kulia ilikuwa angavu.

"Shuka, shuka, Ardis!" sauti ya Wendell iliita kutoka chini. "Angalia kichwa, dari ni fupi."

Chumba cha chini kilikuwa na kuta za mbao, jiko la gesi la pembeni, na kichwa cha kulungu kilichovishwa kofia ya sherehe. Mezani walikuwa wanne. Wendell, daktari wa meno, mnene, fulana ya sufu yenye picha ya samaki. Corinne Pflum, mkutubi wa mji, ambaye mwanawe alisoma na binti wa Ardis. Teng Xiong wa kiwanda cha jibini, aliyeweka simu yake kifudifudi mara tu alipomwona mpelelezi. Na Rollie, mabega kama mlango wa ghala, akitafuna jibini mbichi ambayo ililia kama mpira baina ya meno yake kwa kila tonge.

"Kaeni kama mlivyokaa jana," Ardis alisema. "Viti vilevile."

"Na makalio yaleyale?" Rollie aliuliza.

"Kama una mengine, niambie sasa niyaandike."

Teng alicheka, kisha akaona hapaswi kucheka, akanyamaza. Walihama. Rollie akakaa akiangalia ngazi. Kushoto kwake Corinne, kushoto kwa Corinne Teng, kushoto kwa Teng Wendell. Ardis akavuta stuli, akafungua daftari lake.

"Nielezeni huu mchezo. Kwa ufupi. Nina watoto watatu, najua michezo inavyoelezwa."

Walianza kwa pamoja, wakakatizana, wakarudi nyuma, mpaka Wendell alipogonga kengele ndogo ya shaba iliyokuwa mbele yake, kengele ya mapokezi ya kliniki yake, wote wakanyamaza kama wagonjwa.

"Ofisi ya Zizi," alisema. "Wanyama wa shamba wamekodi ofisi Chicago. Wamevaa suti. Wanauza bima, na hakuna hata mmoja ajuaye bima ni nini. Kazi yao ni kumaliza wiki bila kugundulika kwamba si watu. Teng ni Klarabel, ng'ombe, yuko mapokezi."

"Ana rangi ya mdomo," Teng aliongeza kwa sauti ya chini.

"Corinne ni Doreen, kuku mweusi, mwanasheria wa kampuni. Rollie ni Gerald."

"Bata bukini," alisema Rollie. "Meneja mkuu."

"Nami ni binadamu wote waliobaki. Kila nusu saa napiga kengele hii na binadamu mpya anaingia kuwasumbua. Tulianza saa saba kamili, kengele ya kwanza saa saba na nusu, na kuendelea."

"Kanuni?"

Wendell alielekeza kidole ukutani. Kwenye kifuniko cha boksi la piza mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu:

MOJA. Tupa dadu yako. Shufwa, umefaulu. Witiri, umeharibu.
MBILI. Ukipata moja, unafanya anachofanya mnyama wako.
TATU. Hakuna kugusa dadu ya mwenzako. KABISA.

"Basi?"

"Basi. Zikizidi hapo tunazisahau."

Ardis alizitazama dadu. Kila mmoja alikuwa na yake moja, na hazikufanana. Ya Rollie ilikuwa ya mfupa, ya pande sita, kuukuu, iliyotoka kwenye kikombe cha ngozi cha baa ya marehemu baba yake. Corinne alikuwa na ya kijani yenye pande kumi na mbili. Teng ya pande nane. Wendell ya pande ishirini, kubwa kama limau.

"Kwa nini Rollie ana ndogo?"

"Anataka kupata moja mara nyingi," Corinne alisema. "Anapenda kupiga kelele kama bata."

"Ndicho nilichosomea," alisema Rollie.

Ardis aligeuza ukurasa. "Jana, kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Rollie alikuwa wapi?"

"Hapa," alisema Wendell.

"Hapa hapa," alisema Teng.

"Ardis, nakuapia," alisema Corinne. "Hiyo ndiyo saa ya mkaguzi wa jengo! Gerald alimkalia barua yake kama yai! Nilidhani nitajikojolea."

"Alikataa kuinuka," alisema Wendell, machozi ya kicheko yakianza upya. "Mkaguzi anasema, bwana meneja, hiyo ni ilani ya serikali, na Gerald anamwangalia tu. Anaitotoa!"

Rollie alikunja mikono kifuani akatabasamu. "Umesikia, Bibi Mpelelezi. Nilikuwa na yai."

Hawakuwa waongo. Ardis alikuwa amewahoji waongo kwa miaka kumi na tisa, tena wengine amewazaa mwenyewe, na hawa watatu walikuwa wakikumbuka kitu kwa furaha ya kweli. Mwongo hukumbuka polepole.

"Kuna maandishi?"

Corinne alivuta daftari nene la jalada la kijani akalisukuma mezani. Mwandiko ulikuwa wa mkutubi, wima na safi. Kengele zote zilihesabiwa. Kila aliyetupa dadu aliandikwa, na namba aliyopata. Ardis alisoma kwa sauti kuanzia kengele ya sita, yaani saa kumi.

"Kengele ya sita. Mkaguzi wa jengo anaingia. Klarabel, nne, anamkaribisha kahawa. Gerald, tisa, anataka kupeana mkono, anakumbuka ni bawa. Doreen, mbili, anatishia kumshtaki mkaguzi kwa kulicheka bawa. Kengele ya saba. Gerald, kumi na moja, anasema manyoya sakafuni ni ya mto wa kulalia. Mkaguzi haamini. Gerald, nane, anaikalia ilani. Teng ametoa kahawa puani. Soseji zimefika. Kengele ya nane."

"Ilikuwa inachoma," alisema Teng akishika pua.

"Mbona umeandika majina ya wanyama tu? Ukiacha pua ya Teng."

"Watu hawafanyi kitu, Ardis. Wanaofanya ni wanyama."

Simu ya Teng ilitetemeka juu ya meza. Aliikandamiza kwa kiganja kama mtu anayeua nzi.

"Pokea," alisema Ardis.

"Si muhimu."

"Jana pia haikuwa muhimu?"

Teng alitazama dari. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Rollie aliacha kutafuna.

"Teng Xiong. Mwanamke amelala hospitali na mashine inampumulia. Kama una kitu, kiseme hapa."

"Ni msimamizi wangu," Teng alisema. "Wa kiwandani. Jana nilikuwa na zamu. Nikawaambia naumwa. Kuhara. Akanipigia simu nikiwa hapa, nikatoka mbio kwenda chumba cha kufulia ili asisikie watu wanacheka. Nikakaa humo dakika kumi nikiguna."

Wendell aliinama mezani mabega yakitikisika.

"Usicheke, Wendell! Nilifungulia maji ya bomba ili ionekane kweli!"

"Saa ngapi?" Ardis aliuliza.

"Kengele ya tano. Saa tisa na nusu."

Kalamu ya Ardis ilisimama. "Ulimwambia naibu kwamba hukuinuka mezani tangu saa saba hadi saa kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Kumbe uliinuka."

"Aa, niliinuka. Lakini nilikuwepo."

"Ulikuwa chumba cha kufulia unaguna."

"Mimi, ndiyo. Lakini Klarabel alikuwepo! Si ndiye aliyemfungia mtu wa lifti kabatini? Wendell alimcheza."

Ardis alimgeukia Wendell polepole. "Ulimcheza?"

"Yuko kulia kwangu," Wendell alisema, kama anayeeleza kwamba maji hulowesha. "Mtu akiinuka, aliye kushoto kwake anambeba mnyama wake. Hadithi haisimami. Hapa kila mara kuna mtu chooni, kuna mtu anaangalia tanuri, kuna mtu mke wake amepiga. Tukisubiriana hatuwezi kucheza."

"Hilo halipo kwenye boksi la piza."

"Hiyo si kanuni, Ardis. Hiyo ni adabu tu."

Ardis alirudisha daftari la kijani ukurasa mmoja nyuma. Kengele ya tano. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari kikasimama. *Klarabel, kumi na saba, anamfungia mtu wa lifti kabatini.*

"Teng, dadu yako ina pande ngapi?"

"Nane."

"Wendell?"

"Ishirini."

"Na ulipomcheza ng'ombe wake, ulitupa ipi?"

"Yangu! Ya kwake naigusaje?" Wendell alionekana kuudhika kidogo.

Ardis aliitikia kwa kichwa. Akarudi mwanzo wa daftari, kengele ya kwanza, akaanza kuandika namba kwenye karatasi yake. Gerald, moja. Gerald, nne. Gerald, sita. Gerald, moja. Gerald, tatu. Alichukua muda. Alipofika mwisho alipiga mistari miwili, akafunga kalamu.

"Tucheze," alisema.

"Nini?"

"Kengele ya sita hadi ya nane. Nataka kuona yai linavyotagwa. Wendell, piga kengele."

Waliangaliana. Corinne alinyoosha mgongo, na pale pale shingo yake ikawa shingo ya kuku. Wendell alipiga kengele, akaingia kwa sauti ya puani ya mkaguzi wa jengo anayetafuta harufu ya samadi. Teng alimkaribisha kahawa kwa sauti laini ya kike. Kwa dakika mbili walisahau kabisa kwamba kuna askari chumbani.

"Gerald anampa mkono," alisema Rollie. "Anakumbuka ni bawa. Halafu, kengele ya saba, manyoya ni ya mto. Halafu nakalia barua." Alisema haraka, kama mtu anayesoma orodha ya dukani.

"Siyo hivyo," alisema Corinne. "Kwanza anaizunguka mara tatu."

"Naizunguka mara tatu."

"Na anaipapasa kwa mdomo."

"Corinne, mcheze wewe basi!"

"Nilichokuwa nataka kuona ni dadu," Ardis alisema. "Rollie, ile ya manyoya ya mto. Ulipata ngapi?"

"Sijui. Witiri. Mkaguzi hakuamini."

"Imeandikwa. Corinne huwa anakosea?"

"Corinne?" alisema Wendell. "Corinne alinirudishia kadi ya Krismasi imesahihishwa."

"Sawa. Itupe, Rollie."

Rollie alitupa. Mfupa ulibingirika, ukatulia. Nne.

"Tena."

Mbili.

"Tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itoe kumi na moja."

Teng ndiye aliyeinama kwanza kuitazama dadu ya mfupa, nukta zake zilizofifia, kana kwamba huenda upande mwingine ungejitokeza. Rollie aliifunika kwa kiganja.

"Tangu saa saba hadi saa kumi," Ardis alisema, "Gerald hakuwahi kupita sita. Kuanzia saa kumi na moja hadi mwisho, hakuwahi kupita sita. Katikati ana tisa, kumi na moja na nane. Nani hapa ana dadu ya pande kumi na mbili?"

Corinne aliiangalia dadu yake ya kijani. Mkono ulimpanda mdomoni.

"Ni mimi," alisema. "Wendell, ni mimi niliyeikalia ile barua. Nilipiga kelele za bata, ukaniambia namcheza vizuri kuliko mwenyewe. Nilikuwa na kuku, na bata, na kalamu. Nilimwambia naibu hakutoka. Ardis, naapa sikudanganya, nilikuwa namwona Gerald pale!"

"Najua ulikuwa unamwona. Gerald hakuinuka. Mimi nauliza habari za Rollie."

"Nilikwenda chooni," alisema Rollie.

"Nusu saa na zaidi?"

"Tumbo. Muulize Teng, lilikuwa linazunguka."

"Langu lilikuwa la uongo!" Teng alisema.

"Na soseji?" Ardis aliweka kidole kwenye mstari. "'Soseji zimefika.' Zilitembea?"

Wendell alikuwa ameacha kutabasamu. Alisema taratibu, akimtazama Rollie, "Ulisema umesahau sufuria nyumbani. Nilikuwa naigiza mkaguzi. Nikakupungia mkono. Halafu tukazila, zilikuwa baridi katikati, tukazirudisha jikoni." Alikohoa. "Nilisahau. Mungu wangu, Rollie, nilisahau kabisa kwamba ulikwenda."

"Nyumbani kwake ni wapi kutoka hapa?"

"Ng'ambo ya daraja," alisema Wendell. "Kwa barabara ile ile Bernadette alikogongwa."

"Kwa hiyo nilichukua soseji," Rollie alisema. "Ni kosa? Sikumgonga mtu. Taa zangu nzima, nenda katazame."

"Nimezitazama. Moja ina umri wa gari. Nyingine haijamaliza wiki."

"Nilibadilisha msimu wa uwindaji. Mwezi wa kumi na moja."

"Teng. Jana ulipoondoka, gari la Rollie lilikuwa wapi?"

Teng alikunja uso. "Palepale. Nyuma yetu. Huwa anachelewa kufika, halafu anatufungia wote, kila Jumamosi nampigia kelele aitoe." Aligeuka kumtazama Rollie. "Jana sikumpigia kelele."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilitoka tu. Nilirudi nyuma, nikageuza, nikaenda. Ilikuwa pembeni. Karibu na sanduku la barua. Pua imezama kwenye tuta la theluji." Aliipima kwa mkono kifuani pake. "Mpaka hapa. Nikasema, leo Rollie kalewa, kaegesha kama mwanafunzi."

Ardis alisimama. "Wendell, nipe kijiko kikubwa na sinia ya kuokea. Corinne, daftari hili naondoka nalo. Andika jina lako na tarehe kwenye jalada. Wote mnavaa buti."

Nje jua lilikuwa limeshuka hadi juu ya ghala la jirani, na baridi ilikuwa imebana tangu jana bila kulegea, jambo ambalo Ardis alilihesabu kama msaada. Theluji nyepesi iliyoanguka usiku ilikuwa imelifunika tuta la kando ya sanduku la barua. Chini yake, alipoifagia kwa glavu, palikuwa na shimo pana lililobonyezwa na kitu kizito, kingo zake zimeganda. Alilipiga picha akiwa ameweka rula pembeni. Kisha akapiga magoti, akaanza kuchota kwa kijiko cha kupakulia, kijiko baada ya kijiko, akikimwaga kila kimoja kwenye sinia na kukitawanya.

Walisimama nyuma yake wanne, mikono mifukoni.

Kijiko cha ishirini na kitu hakikuwa na chochote. Cha thelathini pia. Wendell alijitolea kumpokea. Ardis alikataa bila kugeuka. Magoti ya suruali yake yalikuwa yameloa na vidole havikuwa na hisia. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita. Aliendelea.

Kipande kilidondoka siniani kwa mlio mdogo, kama ukucha unaogonga bati. Plastiki ya manjano, ndogo kuliko sarafu, ukingo mmoja umelainika na mwingine umekatika kama jino. Ardis alikipiga picha kilipolala. Akatoa mfuko wa nailoni kwenye koti, akauweka juu ya sinia, na bila kuufungua akasogeza kipande kipya upande wa nje hadi kikagusana na kile kilichotoka mtaroni. Mstari wa chapa ulianza kwenye kimoja ukaishia kwenye kingine.

"Gus Nordahl hajawahi kuegesha hapa," alisema Wendell polepole. "Hata meno hang'oi kwangu."

Ardis aliinuka, magoti yakalia. Rollie alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mgongo wake umegusa pikapu. Hakukimbia. Magari ya wenzake yalikuwa mbele, ya kwake nyuma, na Ardis alikuwa amesimama kati yake na mlango wa dereva.

"Nilidhani ni kulungu," alisema.

"Kulungu havai koti la bluu lenye mistari inayong'aa."

"Kulikuwa na kiza kidogo. Nilikuwa na haraka. Ningesimama, wangenipima, ningepoteza leseni, na leseni ndiyo kazi yangu, Ardis. Nilikuwa nimekunywa brandi mbili tu. Nilikuwa nawahi zamu yangu."

"Zamu yako ilikuwa imeshachezwa," Ardis alisema. "Geuka. Mikono nyuma."

Pingu zilifungwa. Corinne alikuwa analia bila sauti, uso ameukunja kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Tulikula zile soseji," alimwambia Rollie. "Yeye yuko mtaroni, wewe unatugawia haradali."

Rollie alitazama buti zake.

Ardis alimweka kiti cha nyuma cha gari lake, akafunga mlango, akavuta simu. Ofisi ya Sherifu ilijibu mlio wa pili. Nyuma yake aliwasikia wale watatu wakirudi ndani, mmoja mmoja, wakivua buti. Hakuna aliyeuliza nani atambeba bata bukini. Aliyekaa kushoto alikuwa Corinne, na Corinne alikuwa ameiacha dadu yake ya kijani juu ya kifuniko cha sanduku la barua.

"Sherifu," alisema Ardis. "Faili la Gus silisaini. Nakuletea lingine, na mwenye nalo ninaye garini. Ndiyo. Ndiyo, ninao ushahidi, na uko kwenye sinia ya keki, usiniulize." Alisikiliza, akatazama saa. Kumi kasoro dakika kumi. "Nipigie hospitali, mwambie mume wa Bernadette kabla hajasikia kwa watu. Halafu mfungulie Gus, apewe koti lake na buti zake. Nafika hapo baada ya dakika ishirini na tano, namshusha huyu, nampakia yeye. Ng'ombe wake wanakamuliwa saa kumi na moja na nusu, na hawatachelewa."